Kupanga Marejeleo ya Makala ya Jarida Bila Kurudishiwa Mswada

Nikiletewa mswada niupitie, huanzia nyuma. Orodha ya marejeleo huniambia mengi kabla sijaisoma ikisiri: mwandishi amesoma nini, alisoma lini mara ya mwisho, na kama vitabu anavyovitaja alivifungua mwenyewe au aliviokota kwenye orodha ya mtu mwingine. Mswada wenye hoja nzuri na marejeleo ya ovyo hurudishwa, au huwekwa kando usubiri siku mhariri atakapopata muda, na siku hiyo huchelewa sana kufika.

Rejeleo lina kazi moja: kumfikisha msomaji kwenye chanzo kilekile ulichokisoma wewe, na ikibidi ukurasa uleule. Nukta, mkato na italiki ni utaratibu wa kuifanya kazi hiyo kwa maneno machache. Ukilishika hilo, hata pale mwongozo wa jarida unapokaa kimya utajua la kufanya.

Hatua ya 1: Jua jarida linataka nini

Usianze kupanga chochote kabla hujaamua unapeleka wapi. Fungua ukurasa wa maelekezo kwa waandishi, usome sehemu ya marejeleo hadi mwisho. Kisha pakua toleo la karibuni la jarida hilohilo, uchague makala moja na utoe humo mfano wa kila aina ya chanzo: kitabu, sura ya kitabu kilichohaririwa, makala ya jarida, tasnifu, tovuti. Bandika mifano hiyo kwenye faili moja. Hicho ndicho kiolezo chako, na mara nyingi kitakusaidia kuliko maelekezo yenyewe, kwa sababu maelekezo huandikwa mara moja yakasahaulika, ilhali makala zinazochapwa zimepita mikononi mwa mhariri.

Mitindo ni mingi lakini koo zake ni tatu. Wa kwanza ni wa mwandishi na mwaka, ambao wengi huuita Harvard. Asili yake hurejeshwa kwenye makala ya mwaka 1881 ya Edward Laurens Mark, mtaalamu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard. APA, mtindo wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ni wa ukoo huo. Ulianza mwaka 1929 kama maelekezo ya kurasa saba tu, na toleo la 7 ndilo linalotumika tangu mwishoni mwa 2019. Wa pili ni wa namba. Mtindo wa Vancouver ulitokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba uliofanyika katika mji huo wa Kanada mwaka 1978, na wahandisi wana IEEE, unaoweka namba ndani ya mabano ya mraba. Wa tatu ni wa tanbihi, unaopendwa na wanahistoria. Kitabu cha mtindo wa Chicago, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1906 na kufikia toleo la 18 mwaka 2024, kinaruhusu tanbihi na pia mwandishi na mwaka. Kwa hiyo ukiambiwa "tumia Chicago", uliza ipi kati ya hizo mbili.

Majarida ya Kiswahili kama Kiswahili, Mulika, Kioo cha Lugha na Swahili Forum ni ya ukoo wa kwanza, lakini kila moja lina kanuni zake ndogondogo. Usidhani kwamba kwa kuwa umezoea APA basi umemaliza.

Yapo pia majarida yanayopokea mswada kwa mtindo wowote katika awamu ya kwanza, mradi uwe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Majarida mengi ya Elsevier hufanya hivyo. Ukikutana na ruhusa hiyo, itumie. Usipoteze wiki nzima kwenye nukta za mswada ambao haujakubaliwa.

Hatua ya 2: Kusanya taarifa siku unayosoma

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo wengi wanapoiruka. Mtindo unaweza kubadilishwa kwa dakika chache. Ukurasa ambao hukuuandika siku ulipokuwa na kitabu mkononi unaweza kukugharimu safari ya kurudi maktaba.

Kwa kitabu, usichukue taarifa kwenye jalada. Jalada hupambwa kwa ajili ya kuuza. Fungua ukurasa wa jina la kitabu na ule wa hakimiliki nyuma yake, uandike jina la mwandishi kama lilivyo, jina kamili la kitabu pamoja na kijina kinachofuata, mchapishaji, mji, mwaka na toleo.

Kwenye mwaka kuna mtego. Toleo na chapa ni vitu viwili. Toleo jipya maana yake kitabu kimerekebishwa: maneno yamebadilika, pengine hata namba za kurasa. Chapa mpya ni kitabu kilekile kimerudishwa mtamboni. Ukikuta ukurasa wa hakimiliki unasema toleo la pili ni la 1984, na chini yake "kimechapwa tena 1987, 1991, 1995", mwaka wa kurejelea ni 1984, na kwenye orodha unaongeza "toleo la 2". Nimeona waandishi watatu katika jarida moja wakikitaja kitabu kimoja kwa miaka mitatu tofauti, na msomaji akadhani ni vitabu vitatu.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ni mfano mzuri. Ilitoka 1981, ikatoka tena 2004, na tena 2013. Matoleo mawili ya kwanza yana jina la TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam). La tatu lina jina la TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili), kwa sababu taasisi ilibadilika mwaka 2009. Fasili za maneno hazilingani kote. Kwa hiyo kuandika "Kamusi ya Kiswahili Sanifu inasema" bila mwaka hakumwambii msomaji kitu, na kumwandika TATAKI kwenye toleo la 2004 kwa sababu ndilo jina la sasa ni kosa. Jina la taasisi huandikwa kama lilivyo kwenye nakala uliyoisoma.

Kwa makala ya jarida, chukua jina la makala, jina la jarida, juzuu, namba, kurasa za mwanzo na mwisho, na DOI kama ipo. DOI ni kitambulisho cha kudumu cha makala kwenye intaneti. Huanza na 10 na kufuatiwa na tarakimu na herufi. Tovuti ya mchapishaji inaweza kuhama, DOI haihami. Kwa sura ya kitabu kilichohaririwa, andika mwandishi wa sura, jina la sura, wahariri, jina la kitabu na kurasa za sura nzima. Kurasa hizo ndizo husahauliwa zaidi.

Na kila unaponakili maneno ya mtu neno kwa neno kwenye daftari lako, weka alama za nukuu na namba ya ukurasa palepale. Daftari lisilo na alama hizo ndilo huzaa wizi wa kitaaluma usiokusudiwa: miezi ikipita utadhani maneno yale ni yako.

Hatua ya 3: Rejelea ndani ya matini

Katika mtindo wa mwandishi na mwaka kuna njia mbili. Jina linaweza kuwa sehemu ya sentensi: Whiteley (1969) anaeleza kukua kwa Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Au liingie lote ndani ya mabano mwishoni mwa hoja: (Whiteley, 1969). Tumia ya kwanza pale mtu mwenyewe ana uzito katika hoja yako, na ya pili pale hoja ndiyo muhimu. Aya yenye "Fulani (2001) anasema", "Fulani (2005) anasema", "Fulani (2010) anasema" huchosha, na huonyesha kwamba mwandishi anaorodhesha badala ya kujadili.

Ukinukuu neno kwa neno, ukurasa ni lazima. Majarida ya Kiswahili mara nyingi huweka nukta mbili: (Whiteley, 1969:45). Mengine hutaka "uk. 45", au "kur. 45–47" kwa kurasa zaidi ya moja. Chagua moja kulingana na kiolezo chako. Nukuu ndefu hutolewa kwenye aya yake, ikaingizwa ndani bila alama za nukuu. Kwa APA mpaka ni maneno 40.

Waandishi wawili hutajwa wote kila mara: Nurse na Spear (1985). Wakiwa watatu au zaidi, APA ya sasa humtaja wa kwanza tu tangu mara ya kwanza kabisa. Katika makala ya Kiswahili andika "na wenzake": Massamba na wenzake (1999). Jarida likidai "et al." hata katika makala ya Kiswahili, lipe, hilo si jambo la kugombania. Ila usichanganye vyote viwili katika mswada mmoja. Vivyo hivyo alama ya "&": katika matini ya Kiswahili "na" inatosha kila mahali.

Mwandishi mmoja akiwa na machapisho mawili ya mwaka mmoja, tofautisha kwa herufi, 2004a na 2004b, na herufi hizo zionekane pia kwenye orodha. Vyanzo kadhaa ndani ya mabano mamoja hutenganishwa kwa nukta-mkato.

Chanzo ambacho hukukisoma mwenyewe kinahitaji uaminifu. Kama umekuta hoja ya mtu wa kwanza ndani ya kitabu cha mtu wa pili, na cha kwanza hukukiona, sema hivyo: jina na mwaka wa kwanza, kisha "katika", kisha cha pili, na kwenye orodha kiingie kile ulichokisoma tu. Fanya hivyo pale ambapo chanzo cha asili hakipatikani kweli. Mswada wenye "katika" kumi unaonyesha kwamba mwandishi hakutafuta.

Kwa mtindo wa namba mambo ni mepesi: chanzo cha kwanza kutajwa ni 1, kinachofuata ni 2, na chanzo kikirudi kinarudi na namba yake ileile. Ugumu huja unapoingiza rejeleo jipya katikati, maana namba zote za mbele zinasogea. Usijaribu kuzipanga kwa mkono.

Hatua ya 4: Jenga orodha

Tuchukue makala moja tuivishe mitindo mitatu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1958 alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto, aina ya saratani ambayo leo inabeba jina lake. Kwa APA:

Burkitt, D. (1958). A sarcoma involving the jaws in African children. British Journal of Surgery, 46(197), 218–223. https://doi.org/10.1002/bjs.18004619704

Kwa Vancouver:

1. Burkitt D. A sarcoma involving the jaws in African children. Br J Surg. 1958;46(197):218-23.

Kwa Chicago ya tanbihi, kwenye bibliografia:

Burkitt, Denis. "A Sarcoma Involving the Jaws in African Children." British Journal of Surgery 46, no. 197 (1958): 218–23.

Tazama kilichobaki na kilichohama. Taarifa ni zilezile: mtu, mwaka, jina la makala, jarida, juzuu 46, namba 197, kurasa. APA imeusogeza mwaka mbele kwa sababu ndani ya matini msomaji ameuona mwaka na anautafuta. Vancouver imeupeleka nyuma kwa sababu msomaji anatafuta namba tu. Vancouver pia imefupisha jina la jarida, na ufupisho huo hautungwi kichwani. Unachukuliwa kwenye orodha ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Chicago imeliandika jina la kwanza kwa ukamilifu, imeweka jina la makala ndani ya alama za nukuu na kuanza maneno yake makuu kwa herufi kubwa. APA haitaki hivyo: kwenye jina la makala, herufi kubwa ni ya neno la kwanza, ya neno linalofuata nukta mbili, na ya majina ya pekee.

Italiki nazo: katika APA jina la jarida na namba ya juzuu hulazwa, namba ya toleo iliyo ndani ya mabano hailazwi. Jina la makala hubaki wima. Kwa kitabu, jina la kitabu ndilo linalolazwa. Kanuni iliyo nyuma yake ni rahisi kukumbuka: kinacholazwa ni kile unachoweza kukikuta kwenye rafu, si kipande kilichomo ndani yake.

Kitabu kwa APA kinakuwa hivi: Whiteley, W. H. (1969). Swahili: The rise of a national language. Methuen. Toleo la 7 limeacha kutaja mji wa uchapishaji. Majarida mengi ya kwetu bado yanautaka, kwa hiyo mwishoni panasomeka London: Methuen. Hakuna aliye sahihi kuliko mwenzake; fuata kiolezo.

Usitafsiri jina la chanzo. Baadhi ya waandishi, kwa kutaka orodha yote iwe ya Kiswahili, huligeuza jina la kitabu cha Kiingereza au Kijerumani, na kitabu hicho hakipatikani tena katika maktaba yoyote duniani. Jina hubaki katika lugha yake. Ukiona msomaji anahitaji msaada, weka tafsiri ndani ya mabano ya mraba baada ya jina la asili, na hivyo ndivyo APA inavyotaka kwa vyanzo vya lugha nyingine. Maneno ya kiuhariri ndiyo yanayoandikwa kwa lugha ya makala yako: "katika", "mhariri", "toleo la 2", "juzuu".

Isipokuwa kwa mtindo wa namba, orodha hupangwa kialfabeti kwa jina la ukoo, mstari wa kwanza wa kila rejeleo ukianzia pambizoni na mingine ikiingizwa ndani. Fanya uingizaji huo kwa mipangilio ya aya ya programu yako. Anayebonyeza kitufe cha nafasi mara tano kila mstari atalia siku jarida litakapobadilisha ukubwa wa herufi.

Hatua ya 5: Majina, ambapo mitindo ya wageni hukwama

Mitindo yote hii ilibuniwa na watu ambao jina la mwisho ni la ukoo. Kwetu mambo hayako hivyo kila mahali, na programu za marejeleo hazijui.

Mtu wa pwani mwenye majina matatu mara nyingi ana jina lake, la baba na la babu. Ukifuata APA, Said Ahmed Mohamed anakuwa Mohamed, S. A., na ndivyo anavyoonekana katika orodha nyingi. Hapo hakuna tatizo maadamu unaendelea hivyo katika mswada wote. Shaaban Robert ana taabu zaidi: kuna orodha zinazomweka kwenye R, "Robert, S.", na zinazomweka kwenye S kwa jina lote, kwa kuwa hakuna Mswahili anayemwita Robert. Tazama jarida lako limefanyaje huko nyuma. Likiwa kimya, mimi ningemwacha kwenye S, maana huko ndiko msomaji atakakomtafuta.

Ngũgĩ wa Thiong'o huwekwa kwenye N, "wa Thiong'o" inaeleza ni mtoto wa nani, na kumwandika "Thiong'o, N. W." ni kumpa jina la baba yake. Okot p'Bitek utamkuta kwenye O na pia kwenye P. Kipande cha "p'" kwa Kiacholi kinafanya kazi inayokaribia ile ya "wa". Kwa waandishi wa Rwanda na Burundi, nyaraka nyingi hutanguliza jina la Kinyarwanda au la Kirundi kwa herufi kubwa tupu, na la ubatizo hufuata. Asiyejua hulichukua la mwisho kuwa la ukoo na kumpanga mtu chini ya jina la ubatizo. Na kutoka Kongo kuna V. Y. Mudimbe. Vitabu vyake vingine vinamwita Valentin-Yves, na vya enzi ya Zaire Vumbi Yoka, kwa sababu serikali ya Mobutu ilipiga marufuku majina ya Kikristo. Bahati nzuri herufi za mwanzo ni zilezile. Zingetofautiana, orodha ingemhesabu kuwa watu wawili.

Kanuni ninayoifuata: pale unapokuwa na shaka, fuata namna mwandishi mwenyewe anavyojirejelea katika kazi zake za baadaye. Na wewe mwenyewe chagua leo namna moja ya kuandika jina lako, uishike, ujisajili ORCID, namba ya tarakimu 16 inayotofautisha watafiti tangu 2012. Ukiwa Juma Ali kati ya maelfu ya akina Juma Ali, utaishukuru.

Hatua ya 6: Vyanzo visivyonyooka

Mashairi na tenzi. Ukurasa hausaidii sana kwa utenzi uliochapwa mara nyingi na wahariri tofauti. Taja ubeti, na ikibidi mshororo, kisha uonyeshe ni nakala ya mhariri gani. Kama umetumia mswada wa mkono uliohifadhiwa, taja maktaba na namba yake ya rafu.

Mahojiano. Hapa watu huchanganya mambo mawili. Mazungumzo ya faragha, simu au barua pepe kutoka kwa mtaalamu, APA huyataja ndani ya matini pekee na kuyaacha nje ya orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafuata. Mahojiano uliyofanya kama sehemu ya utafiti ni data yako. Hayo hayaingii kwenye marejeleo kabisa. Yanaelezwa kwenye mbinu za utafiti, na wahojiwa hupewa alama kama M1 au M2 kulingana na makubaliano mliyoafikiana.

Tasnifu ambayo haijachapishwa: jina, mwaka, jina la tasnifu, kisha shahada na chuo. Gazeti huhitaji tarehe kamili. Katiba na sheria huandikwa kwa jina na mwaka wake, na ndani ya matini taja ibara au kifungu, si ukurasa. Ripoti ya serikali isiyo na jina la mtu, mwandishi wake ni taasisi: takwimu za sensa ya 2022 ya Tanzania ni za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, si za gazeti ulilozisoma ndani yake. Msahafu na Biblia hutajwa kwa sura na aya.

Kurasa za wavuti hufa. Kabla ya kuuweka ukurasa kwenye mswada, uhifadhi kupitia Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za kurasa za wavuti, na utoe kiungo cha nakala hiyo pamoja na tarehe uliyousoma kama jarida linataka.

Hatua ya 7: Tumia programu, lakini ikague

Zotero ni ya bure na inatosha kwa mtafiti yeyote. Mendeley na EndNote zinafanya kazi inayofanana. Unaandika DOI au ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), programu inaleta taarifa. Ukiwa kwenye Word unaingiza rejeleo, orodha inajipanga yenyewe, na jarida likikukataa unabadilisha mtindo wote kwa kubonyeza mara moja.

Inacholeta ndicho cha kutazama. ISBN ya kitabu cha mchapishaji mdogo wa Dar es Salaam au Mombasa usishangae isipotambulika, na kitabu cha Kiswahili cha miaka ya 1950 hakina ISBN kabisa. Jaza kwa mkono. Taasisi ingiza kwenye sehemu ya jina moja, isiyogawanywa, la sivyo Ofisi ya Taifa ya Takwimu itatoka "Takwimu, O. ya T.", na nimeshaiona imechapwa. Programu ikishusha herufi kubwa kwa ajili ya APA inaweza kuandika "kamusi ya kiswahili sanifu", na Kiswahili ni jina la lugha. Anayetumia BibTeX azuie kwa kuweka maneno kama hayo, na majina ya taasisi, ndani ya mabano ya mawimbi.

Ukiwa umeiacha kwenye mipangilio ya Kiingereza, programu itakupa "and", "pp." na "Eds." katikati ya makala ya Kiswahili. Usizisahihishe moja moja wakati bado unaandika, kwa sababu zitarudi kila orodha ikijipanga upya. Subiri mswada ukamilike, tengeneza nakala, kata uhusiano na programu kwenye nakala hiyo, kisha utafute na kubadilisha kwa mkupuo.

Kuhusu ChatGPT na ndugu zake: usiziombe marejeleo. Hutunga majina ya makala yanayofanana kabisa na ya kweli, na majina ya waandishi halisi juu yake. Mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo hazijawahi kuwepo, zilizotoka kwenye mashine hiyo. Mhariri naye anajua kubonyeza DOI.

Hatua ya 8: Ukaguzi kabla ya kutuma

Chapisha orodha kwenye karatasi. Soma matini kutoka mwanzo, na kila ukikuta rejeleo weka alama kwenye orodha. Rejeleo lisilo kwenye orodha, liongeze. Lililo kwenye orodha bila alama, liondoe. Linganisha pia tahajia ya majina na miaka, maana "Massamba 1999" wa ukurasa wa tatu huweza kuwa "Masamba 1998" ukurasa wa kumi na moja. Bonyeza kila DOI uone inafungua makala uliyoikusudia. Kwa makala muhimu katika hoja yako, angalia pia kama haijafutwa na jarida lake. Zotero huonya hilo yenyewe.

Kama jarida hutathmini kwa kuficha majina, kazi zako mwenyewe zitaje kama za mtu mwingine: "Ali (2019) anaonyesha", si "kama nilivyoonyesha (Ali, 2019)". Majarida mengine hutaka uzifiche kabisa katika awamu hiyo. Usisahau kufuta jina lako kwenye taarifa za faili.

Baada ya kukubaliwa utaletewa nakala ya mwisho ikiwa na maswali ya mhariri pembeni, na mengi yatakuwa ya marejeleo: mwaka haulingani, kurasa hazipo, mtu ametajwa na hayumo kwenye orodha. Kwa kawaida unapewa siku mbili tatu tu. Jibu kila swali mahali lilipoulizwa, ukitazama kitabu chenyewe au picha ya ukurasa wa hakimiliki uliyoihifadhi, na usitume mswada mpya mzima badala ya majibu.